Uzi: Albamu za jazz za 1959. Kind of Blue inapewa sifa kupita kiasi?

#1 Robo_Toni
Wakuu salaam. Hoja yangu ni fupi. Katika albamu zilizorekodiwa mwaka 1959, Kind of Blue ya Miles Davis inaongoza kwa umaarufu, kwa ubora hapana. Mwaka huohuo kuna Time Out ya Dave Brubeck, Mingus Ah Um, The Shape of Jazz to Come ya Ornette Coleman, na John Coltrane alirekodi Giant Steps. Kura yangu naipa Mingus Ah Um: ina kanisa, bluzi, siasa na msiba ndani ya santuri moja. Kind of Blue ina hali moja tu mwanzo hadi mwisho. Na swali la pili: kwa nini mwaka mmoja ukatoa zote hizi? Leteni hoja, matusi pelekeni kwingine.

#2 Tarumbeta_Bubu
"Hali moja tu"? Mkuu, umeisikiliza ukiwa macho? Freddie Freeloader ni bluzi ya kawaida ya B♭, na hata mpiga piano pale ni mwingine, Wynton Kelly, si Bill Evans. All Blues ni bluzi ya vipimo 12 (vipande sawa vya mapigo) katika 6/8, yaani mapigo sita kwa kipimo. Blue in Green inazunguka vipimo 10, ndiyo maana msikilizaji anapoteza mwanzo na mwisho wake, na mpiga saksafoni Cannonball Adderley hapigi kabisa humo. So What ina vipimo 32: 16 vya D dorian (skeli ya noti nyeupe za piano kuanzia D), 8 vya E♭ dorian, 8 vya kurudi D. Flamenco Sketches haina hata melodi iliyoandikwa, ni skeli tano (ngazi za noti) na kila mpigaji anakaa kwenye kila moja kwa muda anaotaka. Hiyo ni hali moja?

#3 Ngoja_Waje
Siti ya mbele. Ngoja waje wa Coltrane.

#4 Dada_Piano
Kabla hamjafika mbali, naomba msaada wa kiufundi. Nikipiga piano sambamba na So What ya santuri ya miaka ya sabini, noti hazikai. Piano imetuniwa vizuri. Upande wa pili wa santuri hiyohiyo unakaa sawa. Tatizo ni mashine yangu au nini?

#5 Fundi_Sindano
@Dada_Piano mashine yako haina kosa, kosa liko kwenye kanda. Vikao vilikuwa viwili: tarehe 2 Machi na 22 Aprili 1959. Siku ya kwanza mashine kuu ya kurekodia ilikuwa inazunguka taratibu kidogo kuliko inavyopaswa. Kanda iliyorekodiwa taratibu ukiichezesha kwa kasi sahihi, muziki unakimbia na sauti inapanda. Nyimbo zote tatu za upande wa kwanza (So What, Freddie Freeloader, Blue in Green) zilirekodiwa siku hiyo, kwa hiyo zote zimepanda. Upande wa pili ni wa Aprili, ndiyo maana unakaa.

Kulikuwa na mashine ya akiba iliyorekodi sambamba, na hiyo ilikuwa na kasi sahihi. Mwaka 1992 ndipo toleo la kwanza lililotumia kanda ya akiba likatoka, na matoleo mengi ya baada ya hapo yamefuata. Kwa hiyo usiangalie mwaka wa albamu, angalia mwaka wa toleo.

Ukitaka kupiga na santuri uliyonayo:
1. Weka karatasi ya strobo (yenye mistari inayoonekana kusimama kasi ikiwa sahihi) juu ya sahani uhakikishe inazunguka 33⅓ kweli. Watu wengi wanaruka hatua hii, kisha wanasahihisha kosa la kanda juu ya kosa la mkanda wa mpira uliolegea.
2. Kama mashine ina kitelezi cha kasi, shusha taratibu. Kama umeshaingiza kwenye kompyuta, badilisha kasi na sauti kwa pamoja. Ukibadilisha sauti peke yake, mapigo yanabaki yanakimbia na matoazi yanapata ukungu.
3. Pima kwa kordi (noti zinazopigwa pamoja) za piano zinazojibu besi: kutoka chini kwenda juu E, A, D, G, B, kisha D, G, C, F, A. Kordi hizo zina noti tano zilizo wazi, kosa dogo linasikika mara moja.

#6 Hesabu_za_Muziki
Nyongeza kwa #5. Vitabu vingi vinasema imepanda "karibu robo toni". Robo toni kamili (nusu ya hatua kati ya vitufe viwili jirani vya piano) ni asilimia 2.9 ya kasi, yaani 33⅓ ingeshuka hadi kama 32.4. Msianze na namba hiyo, mtashusha kupita kiasi. Shusha asilimia moja, sikiliza, ongeza kidogokidogo.

#7 Dada_Piano
Asanteni wote wawili. Imekaa kabla sijafika asilimia 2.

#8 Mzee_wa_Tena
Narudi kwenye mada. Kinachoifanya Kind of Blue iwe juu ni kwamba kila wimbo ulipigwa mara moja tu bila mazoezi. Nani mwingine aliweza hivyo?

#9 Tarumbeta_Bubu
@Mzee_wa_Tena shikamoo mzee, lakini hapo naomba kutofautiana. Hazikupigwa mara moja. Kulikuwa na mianzo iliyokatwa njiani, watu wakarudia. Kilicho kweli ni kwamba kwa karibu kila wimbo, walipofika mwisho bila kukatiza mara ya kwanza, ndiyo iliyotumika. Flamenco Sketches ina teki mbili kamili (wimbo uleule umerekodiwa mara mbili), na ile isiyotumika imo kwenye matoleo ya baadaye ya CD. Zisikilize mfululizo: mpangilio wa skeli ni uleule, solo ni tofauti kabisa.

Na pia mambo ya skeli badala ya kordi nyingi hayakuanzia hapo. Wimbo Milestones wa Miles mwenyewe ni wa 1958. George Russell alishaandika nadharia yake ya skeli ya Lydian mwaka 1953.

#10 Mzee_wa_Tena
Marahaba kijana. Hata hivyo, Milestones ni mlango, nyumba ni Kind of Blue.

#11 Kimya_Kingi
Hakuna aliyetaja kitu kidogo kinachonifanya nirudie So What kila mara. Melodi ikiisha, karibu dakika moja na nusu ndani ya wimbo, mpiga ngoma Jimmy Cobb anapiga toazi moja kwa nguvu wakati Miles anaanza solo. Pigo lile ni kubwa kuliko hali ya wimbo, na mpigaji mwingine angeomba kurudia. Halafu linaachwa lilie lenyewe mpaka liishe, huku tarumbeta imeshaanza kuzungumza chini yake. Mkisikiliza kwa spika ndogo za simu halipo.

#12 Robo_Toni
Sawa, toazi. Sasa nisikilizeni kuhusu Mingus. Mpiga saksafoni Lester Young alifariki tarehe 15 Machi 1959. Mwezi Mei, Goodbye Pork Pie Hat ikarekodiwa kwa ajili yake: saksafoni ya tena (tenor) inaomboleza bila kulia. Kwenye santuri hiyohiyo kuna Fables of Faubus, inayomsema gavana Orval Faubus wa Arkansas aliyezuia wanafunzi weusi kuingia shule ya Little Rock mwaka 1957. Miles alikuwa anatafuta skeli, Mingus alikuwa anatafuta mtu.

#13 Kanda_na_Mkasi
Hoja nzuri, ila wengi mnaoipenda Mingus Ah Um mnapenda toleo lililokatwa. Kwenye santuri ya kwanza nyimbo kadhaa zilifupishwa kwa mkasi ili zienee, zikiwemo Boogie Stop Shuffle na Goodbye Pork Pie Hat. Matoleo ya baadaye yamerudisha vipande vilivyotupwa. Linganisha urefu wa nyimbo kabla hujanunua. Binafsi naona Boogie Stop Shuffle fupi ni bora, ile ndefu inakaa sana kwenye solo.

Na Fables of Faubus ya Columbia, kampuni iliyotoa Mingus Ah Um, haina maneno. Ukitaka kusikia Mingus na mpiga ngoma wake Dannie Richmond wakimzomea gavana kwa sauti zao, tafuta Charles Mingus Presents Charles Mingus ya 1960, lebo ya Candid. Pale hakuna piano, ni watu wanne tu: Mingus, Richmond, Eric Dolphy na Ted Curson.

#14 Ngoja_Waje
Wa Coltrane bado hawajafika? Wamelala?

#15 Hatua_Kubwa
Tumefika. Angalieni kalenda. Tarehe 22 Aprili Coltrane yuko na Miles anapiga Flamenco Sketches, skeli moja kwa muda mrefu. Tarehe 4 na 5 Mei, wiki mbili hazijaisha, yuko studio nyingine anarekodi Giant Steps yenye kordi zinazobadilika karibu kila mapigo mawili. Vituo vitatu (funguo ambako muziki unatua), B, G na E♭, kila kimoja kiko mbali na mwenzake kwa theluthi kuu (nusu-toni nne), vipimo 16, kisha unaanza upya. Mtu yuleyule, mdomo uleule. Mkinionyesha mwingine aliyefanya hivyo mwaka huo nitanyamaza.

#16 Dada_Piano
Na mpiga piano je? Tommy Flanagan kwenye solo yake anaanza na mistari, halafu inakatika, anabaki na kordi tu. Watu wanamcheka bure. Wimbo ule kwa kasi ile hauwezi kuupiga kwa kusoma karatasi. Kuna teki za mwezi Machi 1959 zenye Cedar Walton kwenye piano, sikilizeni kasi yake mtaona tofauti. Flanagan alirudi kuurekodi mwenyewe mwaka 1982 na akaumaliza bila shida.

#17 Nusu_Noti
Kwa wanaotaka kuupiga Giant Steps: msianze na skeli. Chukua noti ya 1, 2, 3 na 5 ya kila kordi. Kwenye B ni B, C♯, D♯, F♯, kwenye D7 ni D, E, F♯, A, kwenye G ni G, A, B, D, na kuendelea. Noti nne kwa mapigo mawili, unafika kordi inayofuata kwa wakati. Coltrane mwenyewe anatumia kifungu hicho mara nyingi kwenye solo. Anza na mapigo 100 kwa dakika, upande kwa matanomatano. Kinachoharibika ni pumzi na vidole kukimbilia kordi ya tatu kabla ya ya pili kuisha, na hiyo haitibiwi kwa kasi. Vipimo 8 vya mwisho ni rahisi zaidi kwa sababu kila kituo kinaandaliwa kwa kordi mbili. Wengine huanzia hapo, si vibaya.

#18 Robo_Toni
Uzi umekuwa darasa. Swali la pili mmelikwepa: kwa nini 1959?

#19 Kanda_na_Mkasi
Sababu ni chombo. Kwenye sahani ya 78 ulikuwa na dakika kama tatu. Columbia ilileta santuri ya 33⅓ mwaka 1948, na kufikia katikati ya miaka ya hamsini inchi 12 ikawa ya kawaida. So What ina zaidi ya dakika tisa. Kisha mwaka 1958 santuri za sterio (mikondo miwili ya sauti) zikaingia sokoni, na kampuni zikataka muziki mpya wa kuzijazia.

#20 Hatua_Kubwa
Chombo hakitungi wimbo. Bebop (jazz ya miaka ya arobaini) ilikuwa imefika ukingoni: kordi nyingi, kasi kubwa, kila kijana anamuiga Charlie Parker aliyefariki 1955. Njia za kutoka zilikuwa chache: punguza kordi (Miles), ziongeze mpaka zipasuke (Coltrane), zitupe (Ornette), au badilisha hesabu ya mapigo (Brubeck). Zote nne zikajaribiwa mwaka mmoja.

#21 Fundi_Sindano
Na chumba je? Kind of Blue, Time Out na Mingus Ah Um zote zilirekodiwa studio ileile ya Columbia, mtaa wa 30 New York, jengo lililokuwa kanisa. Dari refu, mbao, sauti inapumua. Ukizisikiliza mfululizo unasikia hewa ileile nyuma ya matoazi. Nusu ya tunachokiita "sauti ya 1959" ni jengo.

#22 Hatua_Kubwa
@Fundi_Sindano The Shape of Jazz to Come ilirekodiwa Los Angeles, na ya Coltrane ni ya kampuni ya Atlantic. Jengo lako halifiki huko.

#23 Fundi_Sindano
Nimesema nusu.

#24 Mzee_wa_Tena
Mnasahau vifo. Lester Young Machi, Sidney Bechet Mei, Billie Holiday Julai. Kizazi kilikuwa kinaondoka, kingine kinalazimika kusema lake.

#25 Asiyeamini
Mimi naona mwaka 1959 umetengenezwa baadaye. Wauzaji wanaorudia kutoa matoleo wanapenda mwaka wenye hadithi. Chukua 1956: Saxophone Colossus ya Sonny Rollins ni ya Juni, Ellington alipiga kwenye tamasha la Newport Julai, Brilliant Corners ya Thelonious Monk ikaanza kurekodiwa Oktoba. Max Roach yuko kwenye mbili kati ya hizo. Mbona hakuna anayeuita mwaka mtakatifu?

#26 Kanda_na_Mkasi
Newport 1956! Hiyo ndiyo albamu ya kufundishia watu wasiamini kila wanachokisikia. Tarehe 7 Julai, Diminuendo and Crescendo in Blue, Paul Gonsalves akapiga mizunguko 27 ya bluzi mfululizo, watu wakasimama juu ya viti. Lakini alikuwa amesimama mbele ya maikrofoni ya redio ya Voice of America, si ya Columbia, kwa hiyo kwenye santuri ya zamani anasikika yuko mbali. Na sehemu ya albamu ilirudiwa studio siku zilizofuata, shangwe zikabandikwa juu. Mwaka 1999 kanda ya redio ikaunganishwa na ya Columbia, moja kila upande, tukapata onyesho lenyewe kwa sterio. Ukitaka kumsikia Gonsalves, chukua hiyo.

#27 Tarumbeta_Bubu
Na Brilliant Corners wimbo wenyewe umeungwa kwa mkasi. Walijaribu mara nyingi kwenye kikao kile, hakuna hata teki moja iliyofika mwisho salama, prodyuza Orrin Keepnews akaunganisha vipande. Mdundo unageuka kasi maradufu kila mzunguko wa pili, wapigaji wale wakubwa wakashindwa.

#28 Mpiga_Brashi
Time Out mnaipita kama haipo. Hesabu ya Blue Rondo à la Turk watu wanaikosea: si 9/8 ya tatu-tatu-tatu. Ni 2+2+2+3 kwa vipimo vitatu, kisha kipimo cha nne ndiyo 3+3+3. Piga makofi mwanzo wa kila kundi utaiona. Solo zikianza wanahamia 4/4 ya bluzi. Take Five ni 3+2, piano inashikilia kifungu kimoja cha E♭ ndogo (minor) muda wote mpiga ngoma Joe Morello anapopiga solo, usikilize piano ukipotea. Na imetungwa na Paul Desmond, mpiga saksafoni wa bendi, si Brubeck.

#29 Asiyeamini
Tena Desmond aliacha mapato ya wimbo huo kwa Msalaba Mwekundu wa Marekani alipofariki 1977. Wimbo wa mapigo matano unalipia damu mpaka leo.

#30 Bi_Trombone
Kurasa zote hizi na hakuna mwanamke hata mmoja isipokuwa marehemu Billie. Weka 1960 hapo: Uhuru Afrika ya Randy Weston. Mipangilio yote ni ya Melba Liston, mpiga trombone. Maneno ni ya Langston Hughes, na mwanzoni Tuntemeke Sanga wa Tanganyika anayasoma kwa Kiswahili. Kina Freddie Hubbard, Clark Terry, Yusef Lateef, Ron Carter, Max Roach na Babatunde Olatunji wako ndani. Afrika Kusini ya makaburu iliipiga marufuku. Mnabishana toazi wakati hii ipo?

#31 Ngoja_Waje
@Bi_Trombone heshima yako. Naitafuta usiku huu.

#32 Mzee_wa_Tena
Ukiipata, endelea na Jazz Epistle Verse 1 ya mwaka huohuo 1960: Dollar Brand ambaye baadaye ni Abdullah Ibrahim, Hugh Masekela, Jonas Gwangwa, Kippie Moeketsi. Kisha Mannenberg ya 1974, na umsikilize Basil Coetzee kwenye saksafoni ya tena. Halafu mwendo mrefu hadi Mwandishi ya Herbie Hancock, 1971, ambako kila mwanabendi alitumia jina la Kiswahili: Mwandishi, Mchezaji, Mganga, Jabali.

#33 Robo_Toni
Kila mtu kaja na mwaka wake. Mimi bado niko na Mingus.

#34 Mnunuzi_Mpya
Samahani kwa kukatiza. Nimeona Blue Train ya Coltrane inauzwa kama "toleo la kwanza kabisa" la kampuni ya Blue Note. Lebo (karatasi ya katikati ya santuri) inasema New York USA. Niamini?

#35 Fundi_Sindano
Usiamini. Blue Train ilirekodiwa 15 Septemba 1957, na lebo za wakati huo zina anwani 47 West 63rd. New York USA ni lebo ya baadaye. Pili, geuza santuri kwenye mwanga uangalie sehemu laini kati ya wimbo wa mwisho na lebo: tafuta RVG au jina la Van Gelder, fundi aliyeirekodi na kuichonga, na alama ndogo mfano wa sikio, ambayo ni herufi P ya kiwanda cha Plastylite. Kampuni iliuzwa kwa Liberty katikati ya miaka ya sitini na sikio likatoweka, ila Liberty waliendelea kutumia lebo za New York USA zilizobaki. Ndiyo mtego wenyewe: lebo ya zamani, sikio hakuna. Inaweza kusikika vizuri sana kwa sababu RVG bado ipo, lakini si ya bei ya toleo la kwanza.

Jihadhari pia na matoleo ya mono (mkondo mmoja wa sauti) yaliyogeuzwa "sterio" kwa mitambo: sauti nyembamba upande mmoja, nzito upande mwingine, na piano inatembea chumbani.

#36 Mnunuzi_Mpya
Sikio halipo. Asante mkuu, nimeokoka. Nikipata ya mono, kuna kitu cha kubadilisha kwenye mashine?

#37 Fundi_Sindano
Mono imechongwa kwa mwendo wa kulia na kushoto tu. Katriji (kichwa kinachoshika sindano) ya sterio inasoma na mwendo wa juu na chini, ambako mono ina vumbi na mikwaruzo pekee. Bonyeza swichi ya mono kwenye amplifaya, kelele nyingi zitapungua. Kama haina, unganisha waya mbili za kutoka kwenye mashine kwa kiunganishi cha Y kabla ya kuingia kwenye amplifaya ya santuri, uingize upande mmoja tu. Usiunganishe baada yake, mitambo miwili ya kutoa sauti itasukumana. Na usitumie katriji ya kale ya mono kwenye santuri ya sterio: sindano yake haichezi juu na chini, inalima mfereji.

#38 Dada_Piano
Tukiwa kwa Van Gelder: kwa nini piano zake zinasikika kama zimefungiwa kabatini?

#39 Hatua_Kubwa
Maikrofoni karibu mno.

#40 Kimya_Kingi
Hapana, ni kubana sauti (kupunguza tofauti ya kubwa na ndogo) wakati wa kukata santuri. Sikilizeni McCoy Tyner kwenye A Love Supreme ya Coltrane, Desemba 1964, Van Gelder huyohuyo, piano iko wazi.

#41 Hatua_Kubwa
Studio ile ni ya Englewood Cliffs, mkuu. Hackensack, studio yake ya kwanza, ilikuwa sebule ya wazazi wake. Fungua uzi mwingine tukutane huko.